Pikapu ya Slate na mtihani wa bei



Soko la Slate, pikapu ya umeme iliyozinduliwa Marekani Aprili 2025, lisipimwe kwa wingi wa oda, kwani amana yake ya dola 50 hurudishwa mteja akighairi. Bei ya chini ya dola 20,000 iliyotangazwa awali ilitegemea nafuu ya kodi, yaani punguzo la serikali la hadi dola 7,500 kwa mnunuzi, lililokoma Septemba 30, 2025. Hata hivyo, mafundi na wakulima wadogo, ambao pikapu kubwa za umeme zimewashinda bei, wanastahili gari kama hili lisilopakwa rangi wala kufungwa redio, lenye vioo vinavyopandishwa kwa mkono na betri ya kwenda kilomita 240 hivi, na watalinunua iwapo mtengenezaji hataongeza bei.