Vijidudu vya Tanganyika: bei ipangwe kabla chupa haijavuka mpaka

BUJUMBURA – Bei ya ndagala na mukeke inajulikana kwa kila anayefika sokoni mjini hapa. Lakini Ziwa Tanganyika lina mali nyingine isiyopita kwenye mzani wala forodha, nayo ni vijidudu vinavyoishi pale ambapo samaki angekufa mara moja.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inajulikana kuwa zipo chemchemi za moto chini ya maji, karibu na Pemba na Rasi ya Banza, upande wa Kongo. Kijidudu kinachozaliana kwenye joto hilo kina vimeng'enya visivyoharibika kwa joto, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa na viwanda vya sabuni, nguo na karatasi. Hata kipimo cha PCR, ambacho wengi tulikijua wakati wa korona, kinategemea kimeng'enya cha kijidudu kilichotoka chemchemi za Yellowstone, Marekani. Haki za teknolojia hiyo ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Hifadhi yenyewe haikupata kitu.

Kenya iliyaonja hayo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilidai mgao wa kimeng'enya cha kufifisha jinzi cha kampuni ya Genencor, kilichotokana na maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Ukazuka ubishi kuhusu vibali, wakati bidhaa iko sokoni miaka mingi. Mwaka 2007 KWS ikageuza utaratibu, ikatia saini na Novozymes ya Denmark mkataba wa utafiti na mgao wa faida.

Kiuchumi jambo liko wazi. Mnunuzi wa samaki atarudi kesho. Mwenye chupa moja ya vijidudu hana haja ya kurudi, atavizalisha kwenye matangi yake. Nguvu ya kujadili bei ipo kabla ya chupa kuondoka tu.

Na hapa ndipo penye tatizo letu. Ziwa ni la nchi nne. Bujumbura ikikaza masharti, mtafiti anaweza kwenda Uvira, Kigoma au Mpulungu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Burundi na Kongo zimejiunga nayo, inazitaka nchi zenye mali ya pamoja zijitahidi kushirikiana. Chombo cha kuanzia kipo hapa hapa mjini: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi hizo nne wa mwaka 2003. Fomu moja ya kibali, yenye masharti yale yale katika bandari zote, haihitaji ofisi mpya.