Chembe za Plastiki Katika Chakula cha Samaki: Swali kwa Wauzaji wa Meru na Embu

Mfugaji wa samaki wa Meru au Embu hujivunia maji yake. Kathita na Rupingazi ni mito itokayo Mlima Kenya, na tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliokusudia mabwawa 200 katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi, ufugaji wa tilapia na kambare umekita mizizi miongoni mwa jamii ambazo zamani hazikumthamini samaki. Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Uchafu wa kuhofiwa hauji na mto. Huja na gunia la chakula.

Chakula hicho aghalabu ni mchanganyiko wa pumba, mashudu na omena wa Ziwa Viktoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu sangara na tilapia walionunuliwa Mwanza ulithibitisha plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano. Sasa, mpishi humpasua tilapia na kuyatupa matumbo, ambamo sehemu kubwa ya chembe hizi, zisizofikia milimita 5, hukaa. Omena hapasuliwi. Husagwa mzima, utumbo na vyote vilivyomo. Isitoshe, ufuoni omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu za nailoni, na unga wake husafirishwa katika magunia ya plastiki. (Huko Mbeere kwenye ukame, hata bwawa lenyewe mara nyingi hutandikwa karatasi ya plastiki, ambayo jua huichakaza.)

Wapo watakaosema kwamba madhara ya chembe hizi kwa mlaji hayajathibitishwa kikamilifu, na kwamba kelele zitaua soko changa. Hoja ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni ya muuzaji, si ya mfugaji. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Ni haki gani hii, mtu kulipa fedha nyingi hivyo pasipo kuelezwa anachonunua? Ubora wa chakula hupimwa kwa protini. Na upimwe pia kwa plastiki, na gunia lieleze omena alikotoka na alivyokaushwa.

Wengine wanapendekeza funza wa nzi badala ya omena. Ni wazo zuri, mradi funza hao wasilelewe kwa taka za sokoni zilizojaa vipande vya vifungashio. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, lakini plastiki ya aina nyingine ingali tele.

Ripoti za wataalamu huandikwa kwa Kiingereza na kubaki maktabani. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa: istilahi "chembe za plastiki" inaeleweka na yeyote, nayo yafaa ifike kwenye maduka ya pembejeo ya Nkubu na Runyenjes, ili mfugaji aweze kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa: "Omena huyu alianikwa juu ya nini?"