Eti "si mbwa tu"!

Leo naomba tugombane kidogo, na ugomvi wenyewe ni mbwa. Nenda Nyakato, nenda Buzuruga, panda hata Capri Point kwenye mageti makubwa, uliza mbwa wa humo ndani anakula nini. Utajibiwa bila aibu: pumba. Zikiwa na ukungu je? "Aah, si mbwa tu!"

Hiyo "si mbwa tu" ndiyo inayoniudhi. Mahindi yakishika ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tena hukaa zaidi kwenye ganda la punje. Sisi tunakoboa, tunabaki na sembe yetu nyeupe, ganda anapewa mbwa. Kuchemsha hakuiondoi. Na mbwa ini lake huathirika upesi sana na sumu hii. Akikataa chakula, akatapika, macho na fizi zikageuka njano, tunasema majirani wamemtegea sumu. Majirani gani? Sufuria ni yako.

Wenye nazo watasema wao wananunua chakula cha mfuko kutoka nje. Sawa, lakini msitambe sana. Mwishoni mwa 2020 huko Marekani, chakula cha mbwa cha Sportmix kiliondolewa madukani kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, na kufikia Januari 2021 vifo vya mbwa zaidi ya 110 vilikuwa vimehusishwa nacho.

Halafu jamani, tunaishi Mwanza! Pale Mwaloni, Kirumba, dagaa wanapakiwa kwenye malori kwenda mpaka Kongo, na mbwa wa Kirumba hapo hapo anakula pumba. Dagaa ana protini, ana kalsiamu, na wale waliovunjikavunjika huuzwa kwa bei ya chini. Waoshe vizuri mchanga utoke (wengi huanikwa chini), wachemshe bila chumvi, changanya na ugali wa dona safi. Basi. Hata mapanki yana nyama, ila ichambue kwanza, mifupa ya sangara si ya kuchezea. Ya kuku iliyopikwa ndiyo kabisa usimpe: inavunjika vipande vikali vinavyochana utumbo. Na yale makombo ya mchuzi tunayomwagia kila usiku yana vitunguu, ambavyo vinaharibu damu ya mbwa. Wangapi mlikuwa mnajua?

Mtu huyo huyo anataka mbwa abweke mpaka alfajiri, alinde gari na televisheni. Mlinzi wa kampuni ukimwekea sahani hiyo ataondoka usiku huo huo.

Kama huruma haikugusi, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukifuga mnyama, kumlisha ni wajibu wako. Pumba za ukungu sioni zinaingiaje hapo.