Tulipomsomea Mzee Hadithi ya Hayy

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, wiki hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya daftari moja, simu moja, na hadithi yenye umri wa zaidi ya miaka 800.

Daftari ni la mzee wetu. Kwa miaka mingi alikuwa akisomesha chuoni, na katika ujana wake alikaa na kitabu cha Kiarabu akakifasiri kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu ya wino. Hakukusudia kukichapisha. Alikifasiri kwa ajili ya watoto wake, nasi ndio watoto wale. Kila baada ya swala ya Isha alikuwa akitusomea kurasa mbili tatu, kisha hulifunga daftari pale pale hadithi inapokolea, nasi tukalala na hamu. Leo mzee haoni. Maradhi ya presha ya macho yalimwondolea nuru kidogo kidogo, hata ikawa hawezi tena kuisoma hati ya mkono wake mwenyewe. Daftari nalo limeanza kuliwa na wadudu pembeni, na wino umefifia. Wajukuu wake wanazijua sauti za watu wengi katika simu zao, ila hadithi ile hawaijui. Ndipo tukaazimia kuisoma yote kwa sauti na kuirekodi, ili mzee aisikie na wajukuu wairithi.

Hadithi yenyewe ni ya Hayy bin Yaqdhan, jina ambalo maana yake ni Aliye Hai, mwana wa Aliye Macho. Aliyeitunga ni Ibn Tufayl, mwanachuoni wa Andalus, aliyekuwa tabibu wa Sultani Abu Yaqub Yusuf wa dola ya Muwahhidina. Yeye ndiye aliyemjulisha kijana Ibn Rushd kwa sultani huyo. Alifariki Marrakesh mwaka 1185. Kitabu chake kidogo kilisafiri mbali kuliko yeye. Mwaka 1671 kilichapishwa huko Oxford pamoja na tafsiri ya Kilatini, na mwaka 1708 Simon Ockley akakitoa kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka katika Kiarabu.

Kisa chake ni hiki. Katika kisiwa kisicho na watu, mtoto mchanga analelewa na paa aliyepotelewa na mwanawe. Ananyonya kwake, anajikinga kwake na baridi, na anajifunza kuiga sauti za wanyama na ndege. Paa anapokufa, mtoto anaanza kutafuta: uhai ni nini, nao umekwenda wapi? Kutoka hapo anaangalia moto, mimea, maji na nyota, na kwa akili yake peke yake anapanda daraja baada ya daraja mpaka anatambua kwamba vyote hivi vina Muumba mmoja. Akiwa mtu mzima wa takriban miaka 50, anakutana na mcha Mungu aitwaye Asal, aliyehamia kisiwani ili afanye ibada kwa utulivu. Asal anamfundisha kusema kwa kumwonesha kitu na kukitaja jina. Hayy anapoweza kuzungumza, na Asal anapomweleza dini iliyoletwa na Mtume, wanaona kwamba yaliyofikiwa na mmoja kwa tafakuri hayapingani na yaliyomfikia mwingine kwa wahyi. Hayy anakubali, anaswali na anafunga.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kuhangaika na sauti, ilhali daftari lingeweza kupigwa picha? Swali hilo nasi tulijiuliza. Jibu letu ni kwamba elimu katika Uislamu haikupita machoni peke yake. Wahyi wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma, na kusoma kule kulikuwa kwa ulimi na sikio. Wanavyuoni wetu wa zamani walikuwa wakisomewa kitabu mbele ya sheikh kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na majina ya waliohudhuria na kusikia yakaandikwa katika nakala ile ile, yawe ushahidi. Na hapa pwani, Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, wasia ule ulienea majumbani kwa kusomwa kwa sauti na kwa kuhifadhiwa na wanawake vifuani mwao. Simu ni chombo kipya. Kazi tuliyoipa ni ya kale.

Tulianza mwezi wa Rajabu. Hatukuwa na studio wala fundi mitambo. Tulichagua chumba cha ndani, tukaegemeza magodoro mawili ukutani na kutundika mablanketi mlangoni, kwa kuwa chumba kitupu hurudisha mwangwi na msomaji husikika kama yumo kisimani. Feni tuliizima, tukatokwa na jasho. Simu tuliiweka juu ya mrundo wa vitabu, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Tuliifungia mawasiliano isiite katikati ya kazi. Kila aliyekosea alipiga kofi moja, akarudia sentensi tangu mwanzo wake. Makofi yale baadaye huonekana kama vilele katika programu ya kuhariri, na sehemu mbovu hukatwa kwa urahisi. Kabla ya kusoma tuliacha sekunde chache za kimya, kwani hata kimya cha chumba kina sauti yake, na kikikosekana mahali palipokatwa sikio hutambua.

Usiku ndio uliotufaa, baada ya pikipiki kupungua barabarani. Mvua ilipopiga bati tulifunga kazi tukanywa chai. Mara moja tu tulithubutu kurekodi mchana, nayo ilikuwa siku ya kusoma pale Hayy anapomwona kunguru akimzika mwenziwe, naye akajifunza kumzika paa. Kunguru wa mtaani, kama walioalikwa, walitua juu ya mwembe wakapiga kelele kurasa zote mbili. Tulitaka kurudia. Mzee, aliyekuwa amekaa barazani akisikiliza, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Waacheni, nao wamo katika hadithi."

Lakini si kila jambo lilikuwa la kucheka. Ibn Tufayl ametaja kauli mbili juu ya asili ya Hayy. Kauli moja yasema kwamba mama yake, dada wa mfalme wa kisiwa cha jirani, aliolewa kwa siri, akamtia mwanawe sandukuni na kumwachia bahari kwa kumhofia kaka yake. Kauli ya pili yasema kwamba aliumbika katika udongo wa kisiwa kile uliochachuka, bila baba wala mama. Ndugu yetu mkubwa, ambaye naye ni mwalimu wa madrasa, alipofika kwenye kauli ya udongo aliiweka simu chini. Alisema hawezi kuwasomea watoto jambo hilo, kwamba litawachanganya katika itikadi, na kwamba tukiliruka hakuna atakayejua. Wengine tukasema kitabu ni cha mtu na hatuna ruhusa ya kukipunguza. Maneno yakawa makali. Kwa siku nne hatukurekodi chochote, na ndugu yetu hakuja Isha kwa mzee kama ilivyo ada yake.

Siku ya tano mzee alituita sote. Alimtanguliza mwanawe mkubwa kwa kumsifu, kwamba hofu yake juu ya watoto ni hofu ya mlezi. Kisha akasema, "Mwanangu, mwenye kitabu ametaja kauli mbili wala hakuificha hata moja. Wewe ukimsoma kwa kauli moja, umemsemea jambo asilolisema, naye ni maiti hawezi kukujibu. Kitabu ni amana. Kisome chote. Ukiwa na neno lako, lisome mbali, kwa jina lako, mtoto ajue lipi la Ibn Tufayl na lipi la baba yake."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Ndugu yetu aliisoma kauli ya udongo kama ilivyo, na katika faili la pekee tulilolipa jina la Maelezo akaeleza kwa upole tunayoyaamini Waislamu juu ya kuumbwa kwa binadamu. Alieleza pia kwamba hadithi hii haimdharau Mtume wala sheria, kwa sababu mwishoni mwake Hayy anakwenda kuwafundisha watu wa kisiwa cha Asal kwa njia yake, wanamkimbia, naye anatambua hekima ya sheria iliyoteremshwa kwa watu wote. Anawaomba radhi, anawausia washikamane na dini yao, kisha anarudi kisiwani. Tunakiri kwamba maelezo yale ni miongoni mwa mambo bora yaliyomo katika kazi nzima, na lau tungeikata ile kauli, yasingekuwapo.

Jambo la pili lilitupata bila kutazamia. Tulikuwa tumegawana sehemu kwa zamu, na sehemu ya kufa kwa paa iliangukia kwa binti wa marehemu dada yetu. Ana miaka 13, na tunaishi naye tangu mama yake alipotangulia mbele ya haki miaka miwili iliyopita. Hatukupanga, na tungelikumbuka tungelimpa sehemu nyingine. Alisoma vizuri mpaka pale Hayy anapomwita paa kwa ile sauti aliyozoea kumwitia, na paa haitiki. Hapo akanyamaza. Hatukujua tuseme nini. Tukanyosha mkono kuizima simu, naye akautikisa mkono wake kutukataza. Baada ya kitambo akaendelea, kwa sauti iliyoshuka kidogo, mpaka mwisho: Hayy anavyompasua paa kifua akitafuta penye dhara ili aiondoe, anavyoufikia moyo, anavyokuta upande wake mmoja mtupu, na anavyotambua kwamba yule aliyempenda hakuwa kiwiliwili kile, bali kilichokuwa kimekaa ndani yake kikaondoka.

Usiku ule, tulipokuwa tukikunja mablanketi, akauliza, "Mjomba, kwani mama alipokuwa hospitali hajibu, alikuwa bado anatusikia?"

Katika miaka miwili hakuwa amelitaja jina la mama yake mbele yetu, nasi tulidhani kunyamaza kwake ni kusahau, na kunyamaza kwetu ni huruma. Tulikaa naye juu ya magodoro mpaka saa saba ya usiku. Yale tuyajuayo tulimwambia, na tusiyoyajua tulimwambia Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Tulimweleza kwamba dua ya mtoto mwema humfikia mzazi wake. Alilia, nasi tukalia, kisha akatuomba tumwoneshe kaburi, kwa kuwa siku ya maziko alibakizwa nyumbani. Ijumaa iliyofuata tulimpeleka.

Kimya kile hatukukikata. Kimo katika sehemu ya tatu, karibu nusu dakika, na asiyejua atadhani simu imekwama. Tulimaliza kazi siku chache kabla ya Ramadhani. Mzee aliisikiliza yote kwa siku tatu, amelaza kichwa mtoni, midomo ikichezacheza, maana maneno mengi bado anayakumbuka. Sehemu ya tatu aliomba irudiwe. Hakusema kitu, ila alimwita mjukuu wake akakaa karibu naye.

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu liko daftari kama lile: tafsiri, utenzi, nasaba, au barua za babu. Na yuko mzee ambaye macho yake yamechoka, au masikio yake yangali mazima lakini hana wa kumsomea. Msingoje vyombo vya gharama. Simu mliyonayo yatosha, na blanketi, na subira. Kama mtatumia tafsiri iliyochapishwa, kumbukeni kwamba mfasiri naye ana haki yake, basi muombeni idhini kabla ya kuisambaza. Wagawieni watoto sehemu za kusoma, hata wanaogugumia. Someni chote kilichoandikwa, msiruke. Na mtoto akinyamaza katikati, msiharakishe kuzima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape shifaa wagonjwa wetu, na ajaalie elimu ya wazee wetu isizikwe pamoja nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.