Sitara isiyomlinda mtoto

Nimeketi katika vikao vingi vya suluhu hapa kwetu Pwani. Mama aliyepigwa huambiwa, "Sitiri nyumba yako." Anasitiri. Ndoa ikivunjika, baba anadai watoto, na mama anafika kortini mikono mitupu: hana namba ya OB, hana fomu ya P3.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi ya mtoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaka hakimu aangalie mwenendo wa mzazi na madhara yanayoweza kumpata mtoto. Lakini hakimu hupima ushahidi, hapimi tetesi za mtaani.

Katika dini yetu pia, mwenye kupewa hadhana sharti awe mwaminifu. Wazee wangu, kabla ya suluhu, mwacheni mama aandikishe ripoti kwanza.