Nyumba yako itapatikana, lakini usiinunue kwa uchovu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ruiru, viatu vimejaa matope, nikitazama nyumba ya 11 tangu nianze kusaka ya kununua. Dalali alikuwa mcheshi kweli. "Boss, lipa ile asilimia kumi leo leo. Kuna watu watatu wanaitaka." Nilitoa simu, nikaitazama, halafu nikairudisha mfukoni.

Si eti mimi ni mjanja sana. Mwaka jana nusura ninaswe. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, bei poa, muuzaji mpole. Wakili alipochunguza hati kwenye sajili ya ardhi, akakuta nyumba imewekwa rehani kwa mkopo ambao haujalipwa. Muuzaji alikuwa amenyamaza tu. Siku hiyo nililala mchana kutwa, na kwa wiki mbili sikutaka hata kusikia neno nyumba.

Mitandaoni kila mtu anatuhubiria tusikate tamaa. Kwa maoni yangu, tatizo letu vijana si hilo. Tatizo ni kuchoka, halafu kununua chochote ili mambo yaishe. Uchovu ndio humfanya msomi mzima alipie nyumba ambayo bado iko kwenye mchoro, bila wakili, kwa sababu tu rafiki yake amepiga picha na funguo zake akaziposti. Madalali wanaujua uchovu huo, ndiyo maana kila nyumba ina "watu watatu" wanaoisubiri.

Tuambiane ukweli pia kuhusu pesa. Nyumba ya Sh4 milioni mjini inakudai Sh400,000 za kuanzia, kisha ushuru wa stempu wa asilimia nne, yaani Sh160,000, na wakili bado hujamlipa. Nchi hii ina zaidi ya watu milioni 50, lakini mikopo ya nyumba iliyo kwenye benki ni kama 30,000 tu. Kwa hivyo ukiona umechelewa, usijitukane. Si uvivu. Mlima wenyewe ni mrefu.

Mimi kinachonishikilia ni mambo madogo. Nimeandika masharti yangu kwenye karatasi: hati safi, maji, barabara inayopitika wakati wa mvua, na nauli ya kwenda kazini ninayoimudu. Nyumba isiyotimiza hayo naiacha, hata kama jikoni yake inameremeta. Nikichoka, napumzika mwezi mzima bila kutazama nyumba yoyote, lakini mchango wangu wa Sacco haupumziki. Kila mwisho wa mwezi nahesabu akiba, sihesabu nyumba nilizokosa. Akiba ndiyo inayonionyesha kwamba nasonga.

Najua kuna atakayesema, "Ukingoja, bei itapanda." Ni kweli, na inauma. Lakini bei ikipanda utaongeza miezi kadhaa ya kuweka akiba. Hati ikiwa feki, umepoteza akiba yote pamoja na miaka uliyoiweka. Heri kuchelewa kuliko kuanza upya ukiwa na deni.

Ndiyo maana siku hizi nyumba niliyoikataa siihesabu kama kushindwa. Ile ya mwaka jana ilinigharimu ada ya wakili na wiki mbili za huzuni. Ningelipa haraka, ingenigharimu miaka yangu yote ya Sacco.

Mama hunipigia kila Jumapili: "Mwanangu, nyumba imefika wapi?" Zamani nilikuwa nakwepa swali hilo. Juzi nimemwambia, "Mama, ya Ruiru nimeipenda, lakini wakili bado anaangalia hati." Akacheka, akasema hata yeye hanunui ng'ombe bila kumtazama meno.

Wale watu watatu wakiichukua kabla wakili hajamaliza, heri yao. Mimi Jumamosi ijayo nitaenda kutazama ya 12.