KONA YA MAMA NA MTOTO: Maji Meupe Kifuani

Mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa adimu ambao mtoto huzaliwa nao. Tumeuchagua kwa sababu ukimpata mtoto, mama hupata maneno mengi kuliko msaada.

Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa ya limfu. Sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa anayonyonya mtoto hupita humo ndipo yafike kwenye damu. Mishipa hiyo isipoumbika vizuri, maji yake yanaweza kuvuja na kujaa kifuani. Mapafu yanabanwa, mtoto anahema mbio. Daktari akiyavuta kwa sindano, hutoka maji meupe kama maziwa. Basi watu wanasema maziwa ya mama ni mabaya, au mtoto amebemendwa. Jamani, si kweli! Mama hana kosa, na maziwa yake hayana ubaya.

Matibabu yapo. Hospitali huweka mrija wa kutoa maji kifuani. Mara nyingi mtoto husimamishwa kunyonya kwa wiki kadhaa, anapewa maziwa maalum yenye mafuta yasiyopita kwenye limfu, ili pale panapovuja papate kupona. Isiposaidia, hulishwa kwa mshipa, hupewa dawa, au hupasuliwa. Maziwa ya ng'ombe au ya kopo ya dukani si sawa na hayo maalum, msijaribu wenyewe.

Sasa akina mama, sikilizeni hapa. Kusimamishwa si kuachishwa! Kamua maziwa mara 8 au zaidi kwa siku, na usiku pia, hata kama mtoto hayanywi. Usipokamua yatakauka, na siku daktari akiruhusu mtoto anyonye, utampa nini? Nanyi akina baba, mama akiwa wodini, foleni ya maji na ya posho ni zenu.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akihema mara 60 au zaidi kwa dakika nzima, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au midomo ikiwa ya bluu, mpelekeni kliniki saa hiyo hiyo, hata usiku. Msipitie kwanza kwa mkata kimeo. Mkipewa barua ya rufaa, msingoje kesho.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.